Mjomba anasema historia haina maisha: jibu kwa kijana wa Ujiji

Swali lenyewe ni hili, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo Profesa. Nina miaka 25, nimezaliwa na kukulia Ujiji, bibi yangu ni Mmanyema. Nimemaliza BA ya Historia na Kiswahili kwa GPA ya 3.9, sasa hivi nafundisha sekondari kwa mkataba. Nataka kusomea historia ya miji, watu kuhama na tamaduni kuchanganyika mpaka PhD, niwe mhadhiri. Mjomba anayenisaidia anasema huko hakuna maisha, nisome kompyuta. Hii kazi ikoje hasa, na nianzie wapi?"

Marahaba mwanangu.

Mjomba wako usimkasirikie, anachokiogopa kipo kweli. Ajira za kudumu vyuoni ni chache, na njia ya kutoka digrii ya kwanza mpaka PhD ni ndefu, mimi ilinichukua miaka kumi na moja ukijumlisha na ile miwili niliyokaa nafundisha huku nasubiri skolashipu. Ila anaposema hakuna maisha hapo mimi na yeye tunaachana. Maisha yapo, nimeyaishi, nimelea watoto kwa kazi hii. Shida naiona kwako kidogo, umesema unataka miji, watu kuhama na tamaduni, hayo ni mambo matatu mapana kama hilo ziwa lenu na hakuna mtu anayemaliza hata moja. Ngoja nikuambie mimi yalinikuta nini halafu tuje Ujiji, maana nadhani jibu la swali lako liko nyumbani kwenu kabisa.

Nilianzia Kariakoo. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimeshika dodoso la kurasa nne nililoliandaa kwa miezi miwili, swali la kwanza jina, la pili umri, la tatu kabila, la nne ulihamia lini Dar es Salaam. Nikafika kwenye nyumba moja upande wa Gerezani, nyumba ya Kiswahili ya zile za zamani, ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia vitatu kushoto, nyuma ua na jiko na choo. Bibi mwenye nyumba alikuwa barazani anachambua mchele. Nikamsalimu, akanikaribisha mkekani, nikamuuliza mpaka nikafika la tatu, bibi kabila lako nani? Akasema, mie mtu wa hapa. Nikarudia, hapana bibi, kabila, asili. Akaacha kuchambua akaniangalia, akaniuliza, wewe unaandikia serikali? Nikamwambia naandikia chuo. Akasema basi andika mtu wa hapa.

Nilitaka kuondoka, nimeona nimekosa. Akaniambia kaa kwanza, akaingia ndani akatoka na bati la biskuti, ndani yake daftari la kodi aliloliandika marehemu mume wake, mengine kwa herufi za Kiarabu mengine kwa herufi za kawaida. Kila chumba kina kurasa zake. Jina la mpangaji, alikotoka, kazi yake, siku aliyoingia, siku aliyotoka. Chumba cha mbele kulia peke yake, ndani ya miaka kumi, walipita watu tisa, Mngoni wa Songea karani wa bandarini, Mngazija fundi cherehani, Mnyamwezi mpagazi wa stesheni, Mzaramo wa Maneromango muuza mkaa, na wengine. Tukakaa pale mpaka magharibi tunafungua kurasa moja moja. Ananiambia huyu alioa humu humu, chumba cha tatu. Huyu aliondoka usiku na kodi ya miezi miwili. Huyu ndo aliyetufundisha kupika kisamvu cha karanga. Huyu Mnyamwezi, alipofiwa yule Mzaramo, alisimama mlangoni akazuia jeneza lisitoke mpaka alipwe, watu wanalia huku wanacheka, maana ni watani.

Hapo pa utani ndo nilipoelewa kazi yangu ni nini. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ulikua kwenye misafara, Wanyamwezi wakishusha pembe za ndovu kutoka bara mpaka Bagamoyo walikuwa wanapita nchi ya Wazaramo, wanalala, wanakula, wanagombana, wanaumwa, wanakufa njiani na inabidi wazikwe na watu wasio ndugu zao. Utani ukawa njia ya kumfanya mtu wa mbali awe mtu wa kukuzika. Misafara ikafa, reli ikaja, na ule utani ukahamia mjini ukaingia kwenye ukumbi wa nyumba ya vyumba sita. Ukitaka kujua tamaduni zinachanganyikaje, basi ni hivyo, kuna mtu anaitwa jina lake, yuko mlangoni kazuia jeneza, na kila aliyepo anajua kwanini.

Dodoso niliweka pembeni. Msimamizi wangu hakufurahi mwanzoni, alitaka namba, na namba zina umuhimu wake sikatai, sensa ya 1967 iliikuta Dar ina watu 272,821 na ya 2022 imeikuta na 5,383,728, bila kujua hilo huwezi kusema lolote la maana kuhusu mji huu. Ila sensa inakuambia wameongezeka, haikuambii wamejifunzaje kukaa pamoja, na hilo la pili ndilo nililoligeuza kuwa tasnifu.

Baada ya hapo nikawa natembea mitaani kwa macho mengine. Pita Kariakoo usome vibao tu: Mtaa wa Congo, Mtaa wa Nyamwezi, Mtaa wa Sukuma, Mtaa wa Pemba, Mtaa wa Mafia, Mtaa wa Likoma, na Likoma ni kisiwa kule Ziwa Nyasa. Jina la Kariakoo lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza vita ya kwanza, watu waliotolewa vijijini kubeba mizigo ya vita isiyo yao na wengi hawakurudi. Kila siku maelfu wanalitaja wanapopanda daladala. Hata maneno yetu ni hivyo hivyo, bepari, bima na gari yametoka Bara Hindi, meza, leso na gereza tumeyapata kwa Wareno, shule kwa Wajerumani, na mtoto wa darasa la kwanza anayatumia yote kabla ya saa nne asubuhi.

Halafu kuna watu. Vijana wengi mnadhani aliyehamia mjini ni mtu wa pembeni kwenye historia, kaja kuuza maji akaondoka. Angalia Erica Fiah, Mganda, alitoka Buganda akafika Dar, akafungua duka, na mwaka 1937 akaanzisha gazeti la Kiswahili akaliita Kwetu. Hebu lifikirie hilo jina, mtu aliyezaliwa mbali kabisa na pwani anaanzisha gazeti kwa lugha ya mji uliompokea anaita Kwetu, na humo ndani anawatetea wafanyabiashara na wafanyakazi Waafrika mbele ya wakoloni. Au Kleist Sykes, kazaliwa Pangani 1894, baba yake aliletwa na Wajerumani kutoka Msumbiji kama askari, na huyo mtoto wa askari wa kuletwa ni mmoja wa waanzilishi wa African Association, chama cha Waafrika kilichoitangulia TANU, Dar es Salaam mwaka 1929, na wanawe Abdulwahid na Ally wakawemo kwenye kuzaliwa kwa TANU 1954. Ukiwatoa wageni kwenye historia ya siasa za Dar sijui utabaki na nani. Na muziki ni hivyo hivyo, Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, hukohuko Maniema walikotoka wazee wa bibi yako, akaja Dar mwaka 1978 akapiga na bendi ya Orchestra Makassy, akaimba kwa Kiswahili mambo ya walalahoi mpaka leo kuna kituo kinaitwa Sinza kwa Remmy. Mji ukimpa mtu kituo cha daladala ushamkubali.

Sasa tuje kwenu.

Ujiji ni mji uliokuwa mkubwa kabla Dar es Salaam haijaanza kujengwa. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke wanafika 1858 wanakuta soko lipo na watu wa pwani wapo. Livingstone na Stanley wanakutana hapo 1871, na mahali hapo ndo kila mtalii anapelekwa kupaona, sawa, lakini wewe jiulize waliokuwa wamesimama pembeni siku hiyo walikuwa nani, wametoka wapi, wanaongea lugha gani. Watu walitoka Maniema ng'ambo ya ziwa, wengine kwa biashara, wengine kwa vita, wengine kwa kamba shingoni, wakaingia Uislamu, wakashika Kiswahili, wakajiita waungwana, na ndiyo maana Kiswahili cha Kongo mashariki kikaja kuitwa Kingwana. Halafu wengine wakaendelea mpaka Tabora, mpaka Bagamoyo, mpaka Dar. Reli ya kati ilianza Dar 1905 ikafika Kigoma 1914, haikuishia Ujiji, kilomita chache tu hizo zikaugeuza mji mzima. Wabelgiji wakaichukua Kigoma na Ujiji 1916 wakakaa mpaka 1921. Hiyo Liemba mnayoiona ziwani ilikuwa meli ya vita ya Wajerumani, wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua na kuirudisha kazini 1927. Kisha wakaja wakimbizi wa Burundi wa 1972, wa 1993, wakaja wa Kongo wakawekwa kambi ya Nyarugusu toka 1996. Na mwanangu wewe umekulia katikati ya haya yote unaniuliza uanzie wapi!

Anza na mtaa mmoja wa Ujiji. Si Kigoma yote, si "uhamiaji Afrika Mashariki", mtaa mmoja, nyumba ishirini ukiweza, nani alijenga, nani amepanga, nani kaolewa na nani, nani anaswalisha, nani anauza mawese na anayatoa wapi. Mada kubwa zitakuja zenyewe kwenye huo mtaa. Wanafunzi wangu waliokwama karibu wote walianza na neno kubwa wakaja kutafuta watu wa kulijazia.

Kuna jambo moja kwenye eneo lako linahitaji adabu sana, nalo ni utumwa. Usimkalie mzee wa watu barazani kwake ukamuuliza babu yako alikuwa mtumwa. Nimeona mtafiti mmoja akifanya hivyo na mtaa mzima ulifunga midomo kwa wiki nzima, na walikuwa na haki. Wazee hawa wamejenga jina na heshima kwa vizazi vitatu vinne, wewe unakuja na kinasa sauti kuvibomoa kwa swali moja. Uliza safari. Uliza nani alimpokea nani, nani alimpa nani shamba la michikichi, nani alikuwa akiitwa mjomba bila kuwa mjomba wa damu. Mtu akitaka kukuambia atakuambia kwa wakati wake, na akikuambia kwa siri ibaki siri, hata kama ingekupatia sura nzima ya tasnifu. Nina mambo mawili niliyoambiwa mwaka wa kwanza wa utafiti ambayo sijayaandika popote na sitayaandika.

Lugha. Hapa wengi wanaachwa. Mission ya Mapadri Weupe (White Fathers, shirika la Kikatoliki) ilifika Ujiji 1879 na wale mapadri walikuwa wanaandika shajara, kwa Kifaransa, nani kaja, nani kafa, bei ya chumvi, ugomvi wa sokoni. Nyaraka za Wabelgiji Kifaransa pia. Za Wajerumani ni Kijerumani tena cha mwandiko wa zamani ambao hata Wajerumani wa leo wengi hawausomi bila kufundishwa. Barua na madaftari ya wafanyabiashara ni Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Huwezi kujifunza yote kwa mpigo, ila kama umesoma madrasa hizo herufi unazijua tayari, na huo ni utajiri ambao maprofesa wa Ulaya wanaulipia miaka. Ongeza Kifaransa, anza sasa, Kigoma wapo Warundi na Wakongo wanaokiongea kila siku sokoni, huna haja ya kusubiri chuo. Kibembe au Kiha kama unavijua usivione vidogo.

Nyaraka zenyewe zitakupeleka mbali kidogo. Nyaraka za Taifa ziko Upanga pale Dar, utakaa siku nzima unajaza fomu ya kuomba faili, linakuja moja kati ya matatu uliyoomba, mengine unaambiwa hayaonekani. Usikate tamaa na usigombane na wale wahudumu, wao ndio wanajua vitu viko wapi kuliko katalogi. Omba Vitabu vya Wilaya mapema, humo maafisa wa Kiingereza walikuwa wanaandika kila kitu kuhusu wilaya kuanzia machifu mpaka kodi. Zanzibar wana hazina yao Kilimani. Kibali cha utafiti usikipuuze, unapata barua ya chuo, unaipeleka ofisi ya mkoa, ya wilaya, mpaka kwa mtendaji, kila ofisi wanagonga mhuri, na beba nakala nyingi maana kila mmoja atataka kubaki na yake. Na ukirekodi, siku hiyohiyo usiku hamishia sehemu mbili. Mimi niliibiwa begi kwenye basi natoka mkoani, ndani kanda za wazee kumi na wanne, sita kati yao walikuwa washafariki nilipoweza kurudi. Miaka mingi imepita na bado naumia nikikumbuka.

Kuhusu ajira nitasema kwa kifupi maana hapa hakuna siri. GPA yako inatosha kuombea nafasi ya TA, yaani mkufunzi msaidizi chuoni, vyuo vyetu huwa vinaanzia 3.8, ila Masters jitahidi usishuke 4.0 maana hiyo ndo inaulizwa kwenye uhadhiri msaidizi. PhD ukiipata unakuwa mhadhiri, halafu mwandamizi, halafu profesa mshiriki, halafu profesa, na kila ngazi inahesabiwa kwa machapisho. Utafundisha madarasa ya mamia, utasahihisha mitihani mpaka vidole viume, utafiti utaufanya likizo na usiku. Skolashipu za DAAD ya Ujerumani na za Commonwealth zipo, omba kila mwaka hata ukikosa, mimi nilipata mara ya tatu. Na ukikosa chuo kabisa hii taaluma haikuachi mikono mitupu, makumbusho wanahitaji watu, mashirika ya wakimbizi wanahitaji mtu anayejua kusikiliza na kuandika, halmashauri zinapanga upya miji mikongwe bila mtu mmoja ofisini anayejua nani aliishi wapi. Mwambie mjomba hilo.

Machapisho mengi yatakayokupandisha cheo yatakuwa ya Kiingereza, huo ndio ukweli wa sasa na mimi sijaridhika nao. Jarida moja la nje liliwahi kunirudishia makala wakisema vyanzo vyangu ni "vya mdomo mno", wakati waliosema ni wenye nyumba wenyewe. Nikaipeleka kwingine ikapokelewa. Fanya yote mawili, andika kwao upande cheo, halafu andika kwa Kiswahili urudishe mtaani. Bibi wa Gerezani nilimpelekea nakala ya sura inayohusu nyumba yake, nimeitafsiri mwenyewe, mjukuu akamsomea barazani, akanisahihisha sehemu tatu. Zote tatu alikuwa sahihi.

Leo ile nyumba haipo. Pamejengwa ghorofa, chini maduka ya vitenge, juu stoo. Bibi alishafariki, na daftari watoto hawajui lilienda wapi wakati wa kuhama. Kilichobaki ni picha nilizopiga za kurasa arobaini na tatu, na nakala nimewapa wajukuu zake wote.

Kwahiyo usisubiri udahili. Wikiendi hii kaa na bibi yako, usianze na maswali, msaidie kazi anayoifanya. Muombe akutajie majirani wa pande zote nne za nyumba aliyokulia, mmoja mmoja, jina, alikotoka, alikuwa anauza nini, alikuwa anamwitaje. Chora kwenye karatasi, andika na tarehe. Asipokumbuka mmoja muulize nani mwingine angejua, kisha nenda kwa huyo. Ukishapata nyumba kumi niandikie tena unitumie huo mchoro, tutaangalia pamoja uanzie mwaka gani, na hapo ndo tutaanza kuandika andiko lako la Masters.